Kila Mtu Ana Kitabu

Kitabu kilikuwa kinanukia udi. Kilikuwa kimekaa miaka kabatini pamoja na nguo za sikukuu za familia ya kina Nasrin, na hata nilipokifungua nyumbani kwetu, katika chumba nilicholala mimi na magunia ya mpunga, harufu ile ilipanda kutoka kwenye kurasa na kuishinda harufu ya mafuta ya taa. Jalada lilikuwa limetoka. Ukurasa wa kwanza Nasrin alikuwa ameandika jina lake mara tatu kwa kalamu za rangi tofauti. Mimi jina langu sikuliandika, kwa sababu sikutaka mtu yeyote ajue kuwa kile kitabu cha sarufi ya Kiingereza ninacho.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani kwenye duka la vitambaa la mama yake Nasrin, pale Ushirombo, mashine yake ikikaa karibu na mlango ili mteja akinunua kitenge ndani apimwe hapo hapo nje. Wenye duka walikuwa Waislamu wenye asili ya Kihindi, lakini babu yao alizaliwa Tabora, na mama yake Nasrin alipobishana bei na akina mama wa vijijini alibishana kwa Kisukuma mpaka wakacheka wenyewe. Nasrin alisoma shule ya bweni Mwanza. Likizo moja, mimi nikiwa kidato cha pili, aliniona nimekaa kwenye ngazi ya duka nikikariri maneno kwenye daftari, akaingia ndani akarudi na kile kitabu. "Chukua, mimi nimeshamaliza nacho," akasema. "Usikichane tu." Nilikipeleka nyumbani ndani ya gauni ambalo Mama alikuwa amenituma nikalipige pasi.

Shuleni kwetu mwaka ule mwalimu wa Kiingereza hakuwepo. Wa zamani alikuwa amehama, mpya hajaletwa, na kipindi chake akapewa Mwalimu Jilala, ambaye kwa kweli alikuwa mwalimu wa Baiolojia. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye mashati mawili tu ambayo kola zake Mama alizigeuza upande wa pili zilipochakaa. Siku ya kwanza alituambia bila aibu, "Jamani, Kiingereza hiki nakisoma pamoja nanyi. Anayejua kitu aseme, tusaidiane." Alijinunulia kamusi. Wakati mwingine alisimama ubaoni akiwa ameshika chaki, akafikiri muda mrefu, akafuta neno aliloliandika, akaliandika tena vile vile. Tulimpenda. Kitabu cha kiada kilikuwa kimoja kwa safu nzima ya madawati, na waliokaa pembeni waliona nusu ya ukurasa tu.

Kosa lake lilikuwa dogo na lilikuwa na sababu. Alitufundisha kwamba baada ya neno everybody tuandike have, si has. "Ukisema everybody, unasema watu wangapi?" aliuliza. "Wengi!" tukaitikia. "Basi wengi huenda na have." Tukaandika, tukapiga mstari kwa rula. Jioni nilifungua kitabu cha Nasrin, nikakuta sura nzima inayosema kinyume. Everybody, somebody, nobody, each, yote yalikuwa yamepangwa pamoja, na kitabu kilisema kitenzi chake kiwe cha umoja: everybody has, nobody knows, each of the boys is. Nilishangaa, kisha nikashangaa zaidi nilipogundua kwamba mbona na sisi tunasema hivyo hivyo. Hakuna anayesema kila mtu wana. Tunasema kila mtu ana, hata kama wamejaa uwanja mzima. Ni jambo ambalo ningeweza kulieleza darasani kwa dakika moja, na watoto wale wote, ambao Kiswahili chenyewe walikikuta shuleni baada ya Kisukuma na Kisumbwa cha nyumbani, wasingelisahau kamwe.

Sikusema. Nataka nieleze kwa nini, ingawa maelezo hayanipendezi. Nilikuwa sijawahi kuwa na kitu ambacho wengine hawana. Viatu vyangu vilikuwa vya kaka yangu, sketi yangu ilitokana na mabaki ya vitambaa vya wateja. Sasa nilikuwa na kitu, na mwisho wa mwaka ulikuwepo mtihani wa taifa ambao ukiushindwa unakariri darasa au unarudi nyumbani. Kwa hiyo kwenye majaribio ya Mwalimu Jilala niliandika have, ili nipate vema yake, na has yangu nikaiweka akiba ya mtihani wa taifa. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilijiona mjanja sana.

Niliketi dawati moja na Kabula. Nyumbani kwao walikuwa wafugaji, upande wa porini, naye alitembea mwendo mrefu kila asubuhi na kufika miguu imelowa umande mpaka magotini. Alinigawia viazi vitamu vilivyokaushwa, tunavyoviita michembe, vikiwa vimechemshwa na karanga, naye hakuwahi kuniuliza nimemletea nini. Hesabu alizijua kuliko mimi. Kiingereza kilimtesa. Siku moja tulipokuwa tunafagia darasa aliegemea ufagio wake akaniuliza, "Minza, hivi hii everybody, mbona naisikia redioni wanasema has? Ni mmoja au ni wengi?" Nilikuwa na jibu. Lilikuwa kwenye mkoba wangu, hatua tano kutoka aliposimama. Nikamjibu, "Si mwalimu alishasema?" Akatikisa kichwa, akaendelea kufagia.

Wiki chache baadaye alikuja mkaguzi kutoka wilayani, mama mmoja mwenye miwani, akakaa nyuma ya darasa na daftari lake. Mwalimu Jilala alikuwa amevaa shati lililo jipya zaidi. Pengine kwa kutaka kumpendeza mgeni, aliandika ubaoni sentensi ya Kiingereza iliyosema kwamba kila mtu katika darasa hili ana kitabu. Ilikuwa si kweli, na tena aliiandika kwa have. Mkaguzi akasimama. Akauliza kwa upole, "Nani anaona kosa katika sentensi hiyo?" Nakumbuka wengine waliinamisha vichwa, si kwa kutojua tu, bali walihisi mwalimu wetu yuko mashakani na hawakutaka kuongeza neno. Mkono wangu ukapanda. Mpaka leo siwezi kusema niliupandisha lini.

"Iwe has," nikasema.

"Vizuri sana. Nani kakufundisha?"

"Nimesoma kwenye kitabu."

"Na mwalimu wenu huwa anafundishaje?"

Hapo ningeweza kunyamaza. "Huwa anafundisha have," nikajibu. "Siku zote."

Mwalimu Jilala alikuwa bado ameshika chaki. Alinitazama bila hasira, kama mtu aliyeitwa jina lake katikati ya umati na hajui nani kamwita. "Asante, Minza," akasema. "Kaa." Akafuta lile neno kwa kiganja cha mkono, akaandika jingine. Kabula, kwenye dawati letu, alisogea kidogo upande wake. Mchana ule hakunigawia michembe, nami sikuwa na uso wa kuomba.

Kesho yake Mwalimu alikuja kama kawaida, ingawa tulikuwa tumesikia kwamba aliitwa ofisini na kwamba sauti ya mkuu wa shule ilifika mpaka bustanini. Alisimama mbele akasema kwa Kiswahili, ili wote tuelewe, "Nimewafundisha vibaya. Minza yuko sawa." Kisha akanigeukia. "Kitabu hicho kiko wapi, mwanangu? Nikikipata hata siku mbili nitakinakili, tukisome wote." Kilikuwa mkobani, kimelala juu ya paja langu. Nikasema, "Nimeshakirudisha kwa mwenyewe, Mwalimu." Akasema haya, basi, akaendelea na somo kwa kamusi yake.

Hazikupita wiki mbili akahamishwa. Wapo waliosema barua ya uhamisho ilikuwa njiani tangu zamani, wengine wakasema ni ule ukaguzi, na mtu wa kumuuliza sikuwa naye. Siku moja kabla ya kuondoka alikuja barazani kuchukua shati lake. Nilikuwa nimekaa chini nikikata nyuzi. "Shikamoo, Mwalimu," nikasema, kwa sauti ya chini. "Marahaba, Minza." Akampa Mama mkono. "Mama Minza, huyu mtoto ana kichwa. Asiache kusoma." Mama, ambaye habari zote alikuwa amezisikia kwa wateja, alilikunja lile shati taratibu, akakataa malipo yake, na alipokwisha kwenda akaniambia bila kuinua macho kwenye mashine, "Mtu umemwaibisha mbele za watu, na bado anakuombea mema. Sijui utalala vipi." Nililala. Hilo nalo limenisumbua baadaye, kwamba usiku ule nililala.

Mwalimu mwingine wa Kiingereza hakuletwa mpaka mtihani ukapita. Wenzangu walisoma madaftari yao ya zamani, yenye have iliyopigiwa mstari na has iliyoandikwa juu yake kwa haraka. Mimi nilisoma kitabu chote mara mbili. Matokeo yalipobandikwa, jina langu lilikuwa juu. La Kabula lilikuwa chini ya mstari. Baba yake alisema ng'ombe hawauzwi kwa ajili ya mtu anayekariri darasa, na kabla ya mvua kwisha tukasikia Kabula amekwenda upande wa Geita na shangazi yake, kupikia wachimbaji.

Sasa ninafundisha Kiingereza, katika shule moja ya Mhunze. Kila mwaka nafika kwenye somo lile, naandika ubaoni kila mtu ana, kila mmoja anajua, na watoto wanalielewa kwa dakika moja kama nilivyodhani. Mambo yamebadilika. Wanafunzi wangu wana sarufi nzima kwenye simu za wazazi wao, na juzi msichana mmoja alinisahihisha mbele ya wenzake. Nikamshukuru, kisha nikamwomba aje mbele awaonyeshe wenzake alikosoma hilo. Alikuja mbio, anacheka. Nilimtazama nikajua kwamba hana habari ya kuogopa kuwa na kitu peke yake, wala ya kuogopa kukigawa.

Mwaka jana nilipita Katoro, upande ule ule wa Geita, nikamkuta Kabula. Ana mgahawa wake, wenye viti vya plastiki na sufuria kubwa, na wachimbaji wanaoingia na vumbi la machimbo kwenye nyusi wanamwita Mama Rehema kwa heshima. Tulikumbatiana. Nilingoja wateja wapungue, nikamwambia lile nililokuwa nimelibeba: kwamba kitabu kilikuwa kwangu muda wote, kwamba aliponiuliza nilijua.

Kabula alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakusimamisha mikono. "Nilikuwa nakiona," akasema. "Mkoba wako ulikuwa unanukia kama duka la kina Nasrin. Siku moja ulitoka nje, nikachungulia, nikakiona. Ndiyo maana nikakuuliza ile siku ya kufagia. Nilitaka unipe mwenyewe."

Nilitaka anigombeze, nilitaka hata aniambie nitoke. Akamwaga mchele kwenye maji, akaniuliza kama nitakula wali kwa samaki au kwa maharage, akaniletea samaki mkubwa, na pesa akakataa.

Binti yake, Rehema, yuko kidato cha pili. Nilimwachia namba yangu, na tangu siku ile hunipigia kuniuliza maswali, kwa simu ya mama yake, karibu kila jioni. Namjibu yote, na akikosea naanza upya mpaka aelewe. Nyuma ya sauti ya mtoto nasikia masufuria, nasikia maji yakimwagwa, nasikia mtu anatembea jikoni. Nikimaliza husema, "Msalimie mama." Rehema hugeuka akasema, "Mama, Mwalimu anakusalimu." Masufuria yanaendelea kugongana, kisha mtoto ananiambia mwenyewe, "Amesikia."