Kitabu Kinachonuka Dagaa

Nakumbuka siku moja niliponusa mikono ya mtoto wa watu, mbele ya wenzake, nikamnyima kitabu. Mwanangu, naanza na hilo kwa sababu ukiniacha nizunguke nitaanza na mambo mazuri niliyofanya, nayo hayatakufundisha kitu. Mficha uchi hazai.

Najua sina mvi za kukuita mwanangu. Thelathini nimeivuka juzi tu. Lakini ninyi mliojiunga mwaka huu kukusanya vitabu mnaniamkia shikamoo, na nimechoka kuikataa. Tena hapa Mwanza vijana wa rika moja wanaitana mwanangu wakipigana mabega vijiweni, basi lichukue neno hilo upande unaokupendeza. Maneno haya nimeyaandika mara sita nikayafuta. Hii ni mara ya saba, na nimejikataza kufuta.

Mimi ni fundi cherehani. Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilifumua nguo za mitumba, nikaangalia zilivyoshikana, nikazishona upya. Hata Kiswahili hiki ninachoandika nilijifundisha mwenyewe baada ya kuacha shule. Siku moja darasani nilisimama kusoma "mlango", nikasema "mrango". Darasa zima likacheka, na kile kicheko kikabaki masikioni mwangu kama maji yanavyobaki baada ya kupiga mbizi. Tangu hapo naogopa kosa. Mshono ukipinda kidogo tu, naufumua. Mteja ananiambia, "Fundi, mbona hauonekani?" Namjibu, "Mimi nauona."

Wazo la vitabu halikuwa langu, lilikuwa la Masalu, dereva wa bodaboda anayeegesha karibu na kibanda changu huku Ilemela. Alikuwa akipeleka mizigo majumbani huko Mirongo, na mara nyingi aliona juu ya makabati ya watu vitabu vya watoto waliokwisha kukua, vumbi limevikalia. Akaanza kuomba. Hakuwa na barua wala muhuri. Alisema tu, "Mama, kile kitabu kinamsubiri nani?" Watu walicheka, wakampa. Habari zikavuka maji, na mama mmoja akatuletea boksi zima kwa kivuko kutoka Kamanga, amelifunga kwa kanga kama mtoto mgongoni. Si vyote vilivyoletwa vilifaa watoto. Kuna aliyetuletea kitabu cha kutengeneza jenereta, kina michoro tupu. Usicheke, nacho kilipata msomaji baadaye, fundi wa injini za mitumbwi, na mpaka leo hajakirudisha.

Kanisa la mtaani likatuazima chumba kidogo cha nyuma. Ufunguo nikapewa mimi, na hapo ndipo nilipoharibu.

Nilisema hatufungui mpaka kila kitu kiwe sawa. Kila kitabu nikakivalisha nailoni. Vilivyochanika nikavishona kwa uzi, na visivyoshoneka nikavificha chini ya meza, kwa aibu, kana kwamba nimevichana mimi. Nikavipa namba. Nikakosea namba moja, nikaanza upya yote. Wiki zikawa miezi.

"Fundi, watoto wanauliza," Masalu alisema.

"Kawia ufike."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," akanijibu, akapiga kiki pikipiki yake akaondoka.

Aliyeuliza zaidi ya wote alikuwa Minza, mtoto wa darasa la tatu. Alikuwa akipita kibandani kwangu na beseni la dagaa kichwani.

"Dada, leo mnafungua?"

"Bado."

"Kesho?"

"Tutaona."

Siku moja alisimama, akanitazama kwa huruma. "Dada, umeviatamia kama kuku?"

Nilimcheka, nikaendelea kukata nailoni. Nilijiambia chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Vitabu vikishakuwa vizuri, watoto watakuja wenyewe.

Hatimaye tukafungua. Mlangoni nilibandika karatasi yenye amri moja tu: MIKONO SAFI. Minza ndiye aliyefika wa kwanza, akihema, ametoka ufukweni mbio, magamba ya dagaa yanang'aa mpaka kwenye viwiko. Nikamwambia akanawe. Akakimbia ziwani, akajisugua kwa mchanga, akarudi mikono imeiva kwa kusuguliwa. Nikamshika viganja. Nikainama. Nikanusa.

"Bado inanuka," nikasema. "Njoo kesho."

"Dagaa!" mtoto mmoja akapiga kelele nyuma yake, na wengine wakaitikia, "Dagaa! Dagaa!"

Minza hakulia. Aliificha mikono nyuma ya mgongo, akaondoka kinyumenyume.

Na mimi, mwanangu, nikafunga chumba jioni ile nikiwa na furaha. Vitabu vyote vilirudi kabatini vyeupe.

Wiki nzima sikumwona. Jumamosi nikashuka ufukweni kununua dagaa kwa bibi yake, Bibi Kwandu, anayeanika juu ya yale mawe mapana yaliyo karibu na maji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, fundi."

"Nipimie kisado kimoja."

Aliendelea kugeuza dagaa wake. "Sikuuzii."

Nikacheka nikidhani ananitania. "Bibi, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Mikono yangu inanuka. Utakulaje kilichoshikwa na mikono inayonuka?"

Wanawake wa mawe ya jirani wakaacha kazi. "Mpe anuse kwanza!" mmoja akapaza sauti, wakaangua kicheko. Kilikuwa kicheko kile kile cha darasani kwangu. Nikatamani ziwa linifunike.

"Kaa," Bibi Kwandu akaniambia, akinionyesha ndoo iliyopinduliwa. Nikakaa. Akasema bila kupandisha sauti, macho yake kwenye dagaa.

"Mjomba wake Minza anavua kule kisiwani. Mkewe amejifungua, anamtaka Minza akalee mtoto. Mwalimu kaniambia huyu mtoto kusoma hajui, atarudia darasa. Mjomba anasema wa kurudia darasa anabaki shule kufanya nini? Nimemwomba angoje mpaka shule zifungwe. Nikamwambia kuna vitabu vinakuja kanisani, mtoto atasoma. Miezi yote hii namwambia vinakuja." Ndipo akaniinulia macho. "Vilikuja, fundi?"

"Vilikuja, bibi."

"Mbona mimi sijaviona?"

Akaokota dagaa mmoja, akamlaza kiganjani.

"Huyu ukimtazama tu bila kumwanika, anaoza. Hata ukimpamba. Na mkono huu unaonuka ndio unaomlisha yule mtoto. Mkono mtupu haulambwi. Hapa kwetu, fundi, kitabu kisichonuka dagaa hakijasomwa."

Nikajaribu kujitetea, kama kawaida yangu. Nikasema Minza mwenyewe hana nafasi ya kuja, akitoka shule kazi yake ni kufukuza ndege wasile dagaa.

"Anafukuza ndege amekaa. Macho yake yana kazi gani?" Akatupa kokoto kwa yangeyange mmoja aliyekuwa akinyemelea. "Tena yangeyange hamwogopi mtoto aliyenyamaza. Anaogopa sauti." Kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Basi na asome kwa sauti!"

Mwanangu, vitabu vya watu wema vilikuwa vimekaa miezi kabatini, na mahali pake palikuwa pale juu ya mawe.

Jumatatu Masalu alivishusha ufukweni kwa kreti za soda. Ile karatasi ya mlangoni niliibandua. Minza hakunisogelea, na alikuwa na haki. Nikakaa jiwe la pili kutoka lake, nikaingiza mikono yangu ndani ya beseni la dagaa mpaka viwikoni, kisha nikamnyooshea.

"Nusa," nikasema.

Akanusa. "Unanuka, dada," akasema, akasogea.

Nilimpa kimoja cha vile nilivyovificha chini ya meza. Hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo. Hadithi ilianzia katikati, kuku amekwisha kukataa kulala bandani na hujui kwa nini. Nilitaka kumwomba radhi. Yeye akasema, "Mwanzo nitatunga mwenyewe."

Kila jioni nilifunika cherehani saa moja mapema, nikashuka. Silabi kwa silabi. Watoto wengine wanaofukuza ndege wakaja, kila mmoja na kitabu chake na jiwe lake, wote kwa sauti. Mpita njia angedhani ni kwaya iliyogombana. Wanawake nao wakaingilia. "Huyo kuku mjinga, mwambieni arudi bandani!" Magamba yakaingia kati ya kurasa, na nailoni nilizozikata kwa rula zikajikunja kwa jua. Kila nilipoona alama ya kidole kwenye karatasi, nilitoa kitambaa niifute, nikakirudisha mfukoni. Ndege, kwa kweli, walipungua.

Shule zilipofungwa, mjomba akafika. Alivuta mtumbwi wake mchangani, akaamkia, akauliza, "Begi lake liko wapi?"

"Msikilize kwanza," Bibi Kwandu akamwambia.

Minza akasimama juu ya jiwe, kitabu amekikumbatia. Kwanza sauti haikutoka. Yangeyange wawili wakatua, wakaanza kula. Ndipo akasoma, kidole chini ya kila neno:

"Kuku akatoka nje. Akarara juu ya paa. Mvua ikanyesha, rakini hakushuka."

Akarara. Rakini. Mwanangu, ulimi wangu ulipanda wenyewe. Miaka yote naufumua mshono ambao hakuna mwingine anayeuona, na huu niliusikia waziwazi. Nilikwisha kufungua mdomo. Bibi Kwandu akaweka mkono wake wenye magamba juu ya goti langu, akaubonyeza. Nikafunga mdomo. Wale ndege wawili walikuwa wamekwisha kuruka.

"Akashuka lini sasa?" mjomba akauliza.

"Ngoja, mjomba, sijafika huko!"

Ufukwe mzima ukacheka, na safari hii hakuna aliyeficha mikono. Mjomba akakaa kwenye ukingo wa mtumbwi wake, akangoja mpaka ukurasa ukaisha. Kisha akasimama, akajipangusa suruali.

"Haya. Wa kurea mtoto nitamtafuta mwingine," akasema. Akakitazama kitabu cha Minza. "Ira na huyo mtoto wangu mnipe chake kimoja. Atakua."

Nikampa kilichokuwa cheupe kuliko vyote. Akakipokea kwa mkono uliolowa maji, akakitia kifuani ndani ya shati. Namba yake sikuiandika popote.

Darasa, Minza alirudia, siwezi kukudanganya. Lakini alirudia akiwa hapa, kwa bibi yake, na kitabu mkononi. Leo yuko darasa la sita na anawasomea wadogo juu ya mawe yale yale. Bado anasema "rakini". Siku moja atajifundisha mwenyewe, kama nilivyojifundisha mimi, ila yeye hatakuwa na kicheko masikioni.

Basi sikia nasaha yangu. Ukienda kuomba kitabu, usiombe kama mwenye shida. Muulize mwenye nacho kinamsubiri nani. Ukikipata, kisilale kwako hata wiki. Kilichochanika nacho ni kitabu, shona ukiweza, usipoweza kipeleke hivyo hivyo, mtoto atatunga mwanzo. Kabla hujatafuta chumba na kabati, tafuta kwanza watoto wa mtaa wako wanashinda wapi na mikono yao ina kazi gani, ukaviweke hapo. Nilikosea kuhusu kile chema kinachojiuza. Kitabu lazima kijitembeze. Mtoto akisoma vibaya mbele ya watu, umeze ulimi wako, kuna wakati wa kusahihisha na si ule. Na kitabu kisiporudi, usilie. Kile cha mjomba hakijarudi, na naomba kisirudi kamwe.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe vitabu vingi kuliko makabati, na watoto wengi kuliko vitabu. Na ukikifungua kimoja miaka mingi baadaye, magamba yakudondokee mapajani, uinuse mikono yako mwenyewe, ucheke.