Pango Lililoniita kwa Jina

Nilipokuwa mtoto mwenye pengo mbele, waasi walishika Kisangani na sisi tukashika njia. Siku tatu porini, mpaka kijiji cha Koko, bibi yangu, mama ya papa. Tulilala katika pango la mawe ya chokaa. Zamani kijito kilipita mle ndani. Kisha, bon, kikaondoka. Hakuna aliyejua kilikwenda wapi, na mimi nilitaka kujua. Udadisi huo ulinipeleka baadaye kusoma géologie, elimu ya mawe na ardhi. Matokeo yake yanatia aibu, nitayasema.

Koko alikuwa na sheria moja.

"Humu ndani mutu haiti mutu kwa jina. Ukisikia jina yako, usijibu, usifuate. Kaa chini, piga makofi."

"Nani anaita, Koko?"

"Maji ile ilienda. Inatafuta mwenzake."

"Maji iko na mdomo?"

"Iko na mdomo, lakini haipite yako. Kanga monoko, funga hiyo mdomo!"

Asubuhi moja, wakubwa wakitwanga pondu, majani ya muhogo, mlangoni mwa pango, niliiba taa ya mawese nikaifuata njia ya kile kijito. Kuta zilikuwa laini, kama zimelambwa. Mchanga ulikuwa na mikunjo, ungesema maji yalipita jana, na makombe ya konokono yalitapakaa. Nilijaza mfuko. Alors, taa ikazimika.

Ndipo nikaitwa.

"Zaina! Zaina eeh!"

Sauti ya Tonton Idi, mdogo wa papa, kabisa. Ila ilitoka mbele, ndani zaidi, na Tonton nilikuwa nimemwacha nyuma, mlangoni, anapasua kuni. Miguu ilitaka kumkimbilia. Nikakaa kwa nguvu. Nikapiga makofi huku nalia.

Tonton akatokea nyuma yangu na mwenge, akifuata makofi. Hakunipiga. Aliinamisha moto: hatua mbili kutoka vidole vyangu, sakafu ilikwisha. Shimo. Chini kabisa, maji yalikuwa yakinong'ona.

"Bon. Umeona maji yako," alisema.

"Ni weye uliniita?"

"Ni mimi. Nilisahau sheria. Usimwambie Koko."

Chuo kikuu walinipa neno lake: écho. Sauti ilinipita, ikagonga ukuta ng'ambo ya shimo, ikarudi. Voilà, miaka yote ile ya masomo, na hakuna profesa aliyenieleza ufanye nini ukiisikia. Koko, asiyejua kuandika hata jina lake, alijua.

Leo niko na diplôme na sina kazi. Nashinda kwenye korido za ofisi za Makiso, katikati ya Kisangani, nangoja jina langu liitwe. Juzi liliitwa, kutoka chumba cha ndani kabisa, kwa sauti tamu ya kiume: "Mademoiselle Zaina, ingia. Funga mulango nyuma yako."

Nilikuwa nimeshasimama. Kwanza nikaangalia sakafu.

Nikakaa tena kwenye benchi, nikapiga makofi. Makubwa, moja baada ya lingine, mpaka korido nzima ikageuka na watu wakaanza kuja.