Uongo Uliopitia Kinywani Mwangu

Watu wa kwetu wakisimulia habari za mhubiri yule, husema alidanganya kanisa zima. Kila ninaposikia hivyo nakasirika. Mhubiri yule hakujua neno hata moja la Kikisii, na nusu ya kanisa letu hawakujua Kiswahili zaidi ya kusalimia. Kila uongo uliowafikia ulipitia kinywani mwangu. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake.

Kiswahili changu nilikipata Kericho. Baba alichuma chai huko kwenye mashamba ya Wazungu tangu kabla sijazaliwa, na katika zile nyumba za kambi tuliishi ukuta kwa ukuta na watu wa kila kabila. Watoto tuligombana na kupatana kwa Kiswahili. Tuliporudi nyumbani, kwenye vilima vya juu ya Keumbu, nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitano na Kikisii changu kiliwachekesha watu. Aliyenirekebisha bila kunicheka ni mjane mmoja jirani yetu. Alinifundisha kuvuna wimbi kwa kisu kidogo, na kila nilipokosea neno alilirudia polepole mpaka nikalishika. Nilimwita mong'ina, jina la heshima tunalowaita akina mama wa makamo, na yeye aliniita mwanangu.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nafundisha darasa la tatu, ingawa sikuwa nimesomea ualimu. Mjane alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya vilima viwili, naye alitembea kwenda kuchomwa sindano na kurudi, wiki baada ya wiki, bila kukosa. Alikuwa ameanza kunenepa tena. Alinionyesha jinsi bangili ilivyorudi kumbana mkononi.

Ndipo mhubiri akaja. Alialikwa na baba yangu mdogo, ambaye alikuwa mzee wa kanisa. Alivaa suti ya kijivu na alibeba Biblia ya kufungwa kwa zipu. Hakuomba sadaka hata siku moja, na nadhani hicho ndicho kilichotufunga macho. Tulikuwa tumezoea kumpima mhubiri kwa mkono anaounyosha. Huyu hakunyosha mkono. Alichotaka ni watu wamtazame, na sisi hatukujua kwamba hata hicho mtu anaweza kukiiba.

Alifikia kwa baba mdogo. Mikutano ilikuwa alasiri, na kabla ya kila mkutano aliniita tuketi kwenye viti nje ya nyumba. Alisema anataka kujua kidogo habari za watu ili asije akasema neno la kuwaumiza. Aliuliza kwa upole. Yule mama mrefu ana shida gani? Wale ndugu wawili mbona hawaketi pamoja? Nikamweleza. Nilimweleza juu ya mpaka wa shamba uliowagombanisha wale ndugu. Nilimweleza juu ya mjane na kifua chake. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na mtu mzima aliyevaa suti alikuwa ananisikiliza.

Siku ya pili ya mikutano alifumba macho katikati ya mahubiri. Akasema ameonyeshwa mama mmoja asiye na mume, ambaye ugonjwa unamla kifua. Ugonjwa huo, akasema, umeondoka saa hii. Asirudi tena kwenye sindano, kwa maana akirudi atakuwa amemwita Mungu mwongo.

Kiswahili chake kilikuwa kikavu. Mimi ndiye niliyekitia chumvi. Yeye alisema ugonjwa umeondoka. Mimi nikasema umeng'olewa na mizizi yake yote. Yeye alisema asirudi. Mimi nikainua sauti nikamtazama mjane machoni. Watu walilia. Mjane alikuja mbele akipiga magoti, na nilimshika mkono ule wenye bangili.

Sitaki kusema sikujua. Nilijua kwamba habari ile nilimpa mimi, jana yake, kwenye kiti cha nje. Lakini watu walikuwa wanalia, baba mdogo alikuwa analia, na nikajiambia kwamba kumshuku mtumishi wa Mungu ni dhambi. Ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kuiita akili yake shetani ili asisumbuke.

Asubuhi ya pili yake nilimkuta mjane shambani analima. Kwa miezi mingi hakuwa ameshika jembe. Alilima, akakohoa, akalima tena. Kadi ya zahanati alikuwa ameitia motoni pamoja na vidonge.

“Ulisema vizuri jana, mwanangu,” akaniambia. “Kila neno liliniingia.”

Nikaenda moja kwa moja kwa mhubiri. Nilimuuliza kama haiwezekani mama yule aombewe na bado achomwe sindano. Hakukasirika. Alisema kazi ya mkalimani si kuuliza, ni kutafsiri. Kisha, kama kawaida yake, akauliza habari za mzee anayeketi karibu na mlango na fimbo yake.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo baadaye walinishikia. Nilimdanganya. Nilimwambia kwamba kifungua mimba wa mzee yule, mtoto wa kiume, alichukuliwa na mto Gucha wakati wa mafuriko, na mwili haukuonekana. Mhubiri akatikisa kichwa kwa huruma. Mzee yule alikuwa na mabinti wanne, wote wazima, wote wameolewa. Mtoto wa kiume hakuwahi kupata.

Alasiri ile mhubiri akafumba macho. Akasema ameonyeshwa maji mengi. Akasema yuko mzee hapa ndani ambaye mwanawe wa kwanza alichukuliwa na mto, na leo Mungu anamfuta machozi. Nikatafsiri neno kwa neno. Safari hii sikuongeza chochote.

Watu waligeuka kumtazama mzee wa mlangoni, naye akatazama nyuma yake kuona ni nani anayeambiwa.

“Mtoto gani?” akauliza. “Mimi nina mabinti wanne, na wote wamekuja kuniona mwezi huu.”

Mhubiri hakuelewa alichosema. Alidhani mzee anashuhudia. Akainua mikono akasema, “Amina?” na hakuna aliyejibu.

Nikasema kwa Kikisii kwamba habari ya mto nilimpa mimi leo asubuhi, na niliitunga. Nikasema kwamba na zile nyingine zote nilimpa mimi, za ndugu na mpaka wao, za mjane na kifua chake. Nikasema hakuonyeshwa kitu. Nikamtazama mjane na kumwambia arudi kwenye sindano kesho.

Baba mdogo alikuwa amekwisha simama. Alisema Kiswahili ni lugha ngumu na mkalimani amechoka, kisha akaanzisha wimbo, na watu wakauimba. Waliuimba wote. Mpaka leo siwezi kuusikia wimbo ule bila kukunja ngumi.

Wazee waliniita kesho yake. Walikuwa watano, wamekaa kwenye benchi la mbele, na mimi nimesimama. Baba mdogo ndiye aliyeuliza.

“Ulimwambia mtumishi wa Mungu uongo?”

“Ndiyo.”

“Basi kati yenu wawili, mwongo aliyethibitishwa ni nani?”

Niliwaambia ni kweli nilidanganya na ninatubu kwa hilo. Niliwaambia pia kwamba uongo wangu haukumwondoa mtu kwenye dawa. Walitaka sehemu ya kwanza tu. Walisema wataliondoa jina langu kwenye daftari la kanisa mpaka nitakapojifunza unyenyekevu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza juu ya mjane. Mhubiri alikaa siku mbili zaidi. Kisha akina mama walimsindikiza mpaka barabarani wakiimba, wakimbebea mkungu wa ndizi na kuku. Niliwaona kutoka dirisha la darasa langu. Chaki ilivunjika mkononi mwangu, na watoto wakaacha kuandika.

Nilikwenda kwa mjane mara nyingi. Mara ya kwanza alinisikiliza hadi mwisho huku akipepeta wimbi, halafu akaweka ungo chini.

“Ulikuwa unadanganya siku gani, mwanangu? Siku ile uliyosema nimepona, au leo?”

“Siku ile.”

“Basi ulidanganya kwa ufundi sana. Leo huna ufundi.”

Alisema hajisikii mgonjwa. Alisema nimwache na uzima wake. Sikuwa na la kumlaumu. Sauti ilikuwa ileile moja, na alikuwa amechagua kuiamini ilipomwambia jambo jema.

Miezi mitatu baadaye alimtuma mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, aje kuniita. Nilimkuta ameketi juani, amejifunga blanketi mbili, na kitambaa alichoshika kilikuwa na damu. Bangili hakuwa nayo, ilikuwa inaanguka. Hakusema habari za mhubiri. Alisema tu nimpeleke kwa wale wa sindano, nimsemee.

Safari ambayo zamani aliimaliza asubuhi ilituchukua karibu siku nzima, mimi na mkwewe tukimshika huku na huku. Mganga wa zahanati alikuwa mtu wa mbali, aliongea Kiswahili. Aliuliza kwa nini aliacha dawa. Nikamtafsiria.

“Mwambie nilikuwa na kazi nyingi shambani,” akasema mjane.

Nikajua anachofanya. Alikuwa analifunika kanisa asilitie aibu mbele ya mgeni. Alikuwa na pumzi chache na alizitumia kulilinda lile benchi la wazee. Nilisimama pale nikaona kwamba nikisema maneno yake nitakuwa nimempa heshima, na nikaona pia kwamba mganga asipojua ukweli hatajua ni muda gani hasa amekaa bila dawa. Nikamwambia mganga yote, pamoja na ni nani aliyetafsiri.

Mjane hakujua Kiswahili, lakini alijua jibu langu lilikuwa refu kuliko lake. Alinitazama. Kisha akautoa mkono wake kwenye wangu, akaushika wa mkwewe. Hicho ndicho kitu alichonifanyia, na mpaka leo sina hakika kama nilifanya vizuri. Nafikiri nilifanya vizuri. Sina hakika.

Walimpeleka hospitali ya mjini Kisii. Nilimtembelea kila mwisho wa wiki, na safari ya tatu akaniruhusu tena kumpaka mafuta miguuni. Hatukuzungumza juu ya siku ile ya zahanati. Alifia huko baada ya wiki sita. Kwenye mazishi baba mdogo alihubiri kwamba Mungu amemchukua kwa wakati wake mwenyewe, na watu wakaitikia. Nilikuwa nimesimama nyuma, kwa kuwa sikuwa tena mshiriki. Niliondoka kabla ya kaburi kutiwa udongo. Nilipita katikati ya migomba nikisema peke yangu, kwa sauti, kwamba Mungu hakusema asichomwe sindano. Tulisema sisi.

Miaka mitatu ikapita. Siku moja baba mdogo alikuja kwetu na kuketi bila kuvua kofia. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa na shida ninayoijua. Alisema halali vizuri. Akatoa barua kwenye koti, imekunjwa mara nne, akanipa. Ilikuwa ya Kiswahili, imeandikwa na wazee wa kanisa jingine, mbali na kwetu. Walionya kwamba mtu wa suti ya kijivu amepita kwao na kuwaachisha wagonjwa dawa, na wawili wamekufa. Alisema barua ilifika kabla ya mkutano wetu wa kwanza.

“Kanisa lilikuwa linajaa,” baba mdogo akasema. “Sijawahi kuliona limejaa hivyo.”

Niliisoma mara mbili. Kisha nikamwambia sitamkemea, yeye ni baba yangu, lakini maneno haya si ya kuniambia mimi sebuleni. Ayapeleke mahali alipoyaficha. Aliniomba siku za kufikiri. Nilimwambia kama ni siku, alizipata elfu nzima. Barua sikumrudishia.

Siku ya ibada alisimama kweli. Alisema kuna wakati wazee walikosea katika kuwapokea wageni, na anaomba kanisa lisamehe. Ilikuwa ni hivyo tu. Watu wakaanza kuitikia amina, na akageuka aketi.

Nikasimama kutoka nyuma. Sikuwa na ruhusa ya kusema mle ndani, na mzee mmoja alinionyesha mkono niketi. Nilifungua barua nikaisoma sentensi moja kwa Kiswahili, kisha kwa Kikisii, kisha nyingine, bila kuinua sauti, mpaka mwisho.

Mkwe wa mjane alikuwa katikati, na mtoto mgongoni. Aliuliza barua ilifika lini. Nilimgeukia baba mdogo, kwa sababu swali halikuwa langu. Alisimama tena, polepole, na kusema ilifika kabla ya mkutano wa kwanza.

Mwanamke yule alikaza kanga ya mtoto, akatoka, na hakurudi tena kwenye kanisa letu maisha yake yote. Mimi waliniandika tena daftarini mwaka ule, bila maneno mengi. Baba mdogo alibaki mzee wa kanisa hadi alipokufa. Nilimsalimia kila wiki na mkono wake niliushika kama inavyompasa binti. Hakuwahi kuniambia yameisha, nami sikumwambia, kwa sababu hayakuwa yameisha.