Shetani Niliyemkemea Msituni

Ashukuriwe Mungu aliyenipa mke mwenye masikio, maana mimi sina. Juzi, nikiwa nimechoshwa na makelele ya kiwanda cha mkonge cha Mwingereza kule Makanya, nilipanda kwetu Mhezi, nikaingia msituni jioni kumsihi Mungu aseme nami. Nikasikia moyoni, taratibu: “Nenda kazibe ndiva.”

Kweli, ilikuwa zamu yangu kuziba mlango wa bwawa hilo, lijae usiku, kijiji kimwagilie mahindi asubuhi. Lakini Mungu aseme habari za matope? Nikapaza sauti: “Shetani, toka!” Ile sauti ya moyoni ikarudi. Nikakemea mpaka koo likakauka.

Mara nyuma yangu akasimama mke wangu, matope hadi magotini.

“Baba Nakijwa, huyo Shetani wako alinijia na mimi jikoni. Nimeshaziba.”