Mtu wa Tatu Katika Mchezo Wetu

Nikikuambia kwamba niliwahi kucheza mchezo na marehemu, mchana kweupe, mbele ya umati unaocheka, utasema huyu ni mchekeshaji, ameshaanza kazi yake. Haya, sema. Lakini vuta kiti usikie. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, juu kule Kanyaruchinya, nikiwa na akili zangu zote, sijaonja hata tone la pombe ya kasiksi.

Kwanza nikueleze kazi yetu taratibu, maana bila kuielewa hutajua tulinaswa vipi. Tulikuwa wawili, mimi na Kambale, mtoto wa watu wa Butembo niliyekua naye mtaa mmoja hapa Goma. Hatukuandika kitu, hatukukariri kitu. Tulifika mahali, tukawaomba watu watupe mtu au mahali, na papo hapo tukaanza kucheza. Vijana huniuliza: mliwezaje? Si vigumu kama unavyodhani, hata wewe ungeweza. Siri yake ni sheria moja tu: asemalo mwenzako ni kweli. Akisema wewe ni mbuzi, basi u mbuzi. Hukatai. Unapokea, kisha unaongeza la kwako. Anayekataa anaua mchezo. Na tulipotaka kumaliza, mmoja alipiga makofi mawili, mwingine akaacha hapo hapo, hata kama alikuwa katikati ya neno.

Kwa sheria hiyo tulizunguka hadi Rutshuru, hadi Kiwanja siku za soko, tumebanana juu ya pikipiki moja. Halafu vita vikafunga barabara. Wale waliotuchekea Kiwanja tukawakuta kambini Kanyaruchinya, chini ya maturubai, juu ya mawe meusi ya volkano yanayokata viatu. Tukasema, basi tutawafuata huku huku.

Alasiri hiyo kulikuwa na manyunyu. Kambale alisimama juu ya jiwe akapaza sauti: "Mutupe mahali!"

Mzee mmoja aliyejifunika blanketi akajibu kwa hasira: "Njia! Njia ya kukimbia. Kama munajua kuchekesha, muchekeshe ile!"

Watu wakaguna. Mama aliyekaa karibu naye akamkemea: "Papa, acha batoto ba batu."

"Nibaache juu ya nini? Si banajiita mafundi?"

Sisi hatukatai. Kambale akajitwika kichwani godoro lisiloonekana, mimi nikainama nikawa mbuzi wake.

"Mbuzi, songa! Batatukuta!"

"Nimechoka, papa. Nibebe."

"Nikubebe wewe, na mama-mukwe nimemusahau kwa nyumba?"

"Mama-mukwe hukumusahau. Nilikuona ukifunga kufuli!"

Ungesikia kicheko kile! Hata mzee wa blanketi alificha uso mabega yakitikisika. Niamini, hakuna chakula kinachoshibisha kama kicheko cha watu waliolala na njaa. Nilikuwa na furaha. Ndiyo maana sikushtuka nilipopaswa kushtuka.

Alitokea upande wa kaskazini, ambako hakuna aliyekaa. Kijana mwembamba. Alikuwa amejaa vumbi, vumbi la kiangazi, nywele na kope zote zimekuwa nyeupe. Manyunyu yalitulowesha sisi sote, lakini lile vumbi halikushika maji. Alipanda mawe bila kuwatazama watu, akamshika Kambale mkono.

"Mukubwa wangu," akasema, kama mtu anavyomwita kaka yake. "Nimekutafuta sana. Tuende."

Watu wakacheka, wakidhani ni mwenzetu. Nami nilidhani ni kijana wa kambini mwenye kipaji, maana hutokea. Kambale, kwa sheria yetu, akapokea.

"Mudogo wangu! Kumbe uko muzima? Hata mimi nilikuwa nakutafuta!"

Hapo ndipo alipopotea. Unaona? Alikuwa ameshakubali.

"Ulinibeba mugongoni pale mutoni," kijana akasema.

"Nilikubeba, tena ulikuwa muzito kama gunia ya maharagi."

Kicheko. Lakini mimi niliona shati la Kambale likilowa mgongoni, si kwa mvua. Maji ya matope yalimtiririka hadi visiginoni.

"Na godoro ukalitupa."

"Nililitupa," Kambale akasema, akashusha mikono. Naapa, nilisikia kitu kizito kikianguka juu ya mawe. Puu.

Nikapiga makofi mawili. Hakuacha. Nikapiga tena. "Kambale!" Akageuka, akanitazama kwa macho ambayo sikuyajua.

"Mbuzi ya nani hii?" akauliza.

Watu walivunjika mbavu. Wawili hao wakaanza kutembea, mkono kwa mkono, kuelekea kaskazini. Nawe ujue kilichokuwa huko. Baada ya hema la mwisho kulikuwa na kituo cha askari, na baada ya kituo, barabara tupu. Waliopita pale kutafuta makaa wengi hawakurudi.

Nikamrukia Kambale kiunoni nikamvuta. Ilikuwa kama kuvuta mti. Mkono wake ulikuwa baridi. Nikawageukia watu nikapiga kelele: "Jamani, munisaidie! Huyu mutu si mutu!" Wakapiga makofi. Nikalia, machozi ya kweli, kamasi za kweli, nao wakazidi kucheka, na yule mama akafuta macho kwa kitenge akisema, "Huyu anajua kulia, wee!" Umewahi kuomba msaada ukashangiliwa? Omba Mungu yasikukute.

Tukapita hema la mwisho. Umati ukabaki nyuma. Niliona mifuko ya mchanga ya askari. Nilikuwa nimebakiwa na hatua chache za kuwa na rafiki, na duniani sikuwa na ujuzi mwingine ila ule mmoja. Nikajiambia: tangu alipokuja umekuwa ukikataa. Kukataa kunaua. Basi pokea.

Nikafuta uso, nikakimbia nikasimama mbele yao.

"Mudogo wangu," nikamwambia kijana, "ni kweli, tunaenda. Sisi wote ni bakubwa bako. Mimi ndiyo wa kwanza kwa mama, huyu ananifuata."

Neno la mtoto wa kwanza lina uzito, nawe unajua. Akasimama.

"Lakini nyumba iko wazi. Muachie huyu anisaidie kufunga mulango. Wewe tangulia. Tutakukuta njiani."

Kwa mara ya kwanza akanitazama mimi. Machoni tu ndipo hapakuwa na vumbi.

"Hata ile siku mulisema vile," akasema polepole. "Tangulia, tutakukuta njiani. Nikatangulia."

Ningeweza kupiga magoti nimwombe msamaha kwa niaba ya watu nisiowajua. Sikuthubutu.

"Hamutakawia?" akauliza.

"Hatutakawia."

"Nitembee polepole?"

"Tembea polepole."

Akauachia mkono wa Kambale. Akaenda. Miguu yake ilitimua vumbi kwenye barabara iliyolowa, akapita kituoni, na askari aliyekuwa akila mahindi hakuinua hata kichwa.

Kambale alianguka, akatapika maji ya mto. Alipopata pumzi aliniuliza: "Tulifika wapi? Balicheka?"

Yu hai hadi leo, anauza vitenge, na simdai zaidi ya hapo. Lakini hajapanda tena jukwaani, na hata katikati ya kiangazi shati lake hulowa mgongoni. Mkewe ameacha kuuliza.

Mimi bado nacheza, peke yangu. Barabara ilipofunguka, wafanyabiashara wa maharagi walianza kunisimulia, bila kujua wanamsimulia nani, kwamba kuna kijana mwenye vumbi anayeuliza wapita njia swali moja: mumeona bandugu babili banafunga nyumba? Akijibiwa hapana, hushukuru. Kila anayenisimulia humtaja karibu pale pale, amesogea kidogo sana. Anatembea polepole, kama nilivyomwambia. Shangazi yangu alizikwa Kiwanja, sikwenda. Barabara ile siwezi kuikanyaga.

Kwa hiyo wewe unayejifunza kazi hii, usiiache, watu wanaihitaji kuliko unavyojua. Ila kabla ya kupokea neno, tazama mwenye kulisema amekanyaga nini na amefunikwa na nini. Ikiwa hujui ametoka wapi, ua mchezo. Watakuzomea. Kuzomewa kunapona.

Nawe ambaye si mchekeshaji, siku ukisikia risasi na ukalazimika kutoka nyumbani, nakuomba kama ndugu: usimwambie mtoto wala mzee atangulie. Mshike mkono, mtoke pamoja. Wezi wachukue sufuria, wachukue godoro. Mlango uache wazi.