Spoti Inayonuka Petroli

Dada yangu alikataa gari lingine lolote la kumpeleka kanisani. Alitaka spoti yangu kuukuu ya milango miwili, ile niliyojifunzia ufundi kwa video za simu na vidole vya kuungua. Mama naye alikuwa na sharti moja: "Bibi harusi hashuki mbele ya mchungaji akinuka petroli."

Harufu hiyo tuliisikia kwanza siku niliyolinunua gari mjini Karatu na kulileta nyumbani Endabash. Mimi nikiona klipu moja ya kubana mpira imekaa upande, hata chakula hakishuki. Nikabadilisha mipira yote ya petroli kwenye injini. Nikafungua kabureta, nikaisafisha kwa mswaki, nikaifunga, nikaifungua tena kwa sababu sikuamini nilivyoifunga. Harufu ikaisha. Nikatangaza ushindi, ingawa moyoni sikujua nimetibu nini hasa, na hilo lilinitesa.

Wiki ya harusi mjomba akatuzawadia mafuta. Kituoni alisema, "Jaza mpaka juu, leo hakuna ubahili!" Kwenye kilima cha kuingia kijijini, harufu ikarudi, kali kuliko mwanzo.

Mama alinusa mara moja tu. "Nakodi gari jingine."

"Mama, nipe mpaka kesho."

Nilijificha kwenye banda la mahindi nikalia kidogo. Dada akanifuata.

"Fundi naye anavuja! Nani atamziba?"

"Niache, dada."

"Halafu tangu lini umekuwa tajiri? Mshale wa mafuta uko juu kabisa. Mara ya mwisho niliuona hivyo siku unalileta gari, yule muuzaji alipokujazia."

Nikaacha kulia. Sisi huku hatujazi tenki. Tunaweka ya kutufikisha tuendako, kesho tunaweka tena. Majaribio yangu yote niliyafanya tenki likiwa karibu tupu! Injini haikuwa na kosa. Palipovuja ni juu, mahali ambapo petroli hufika tenki likijaa tu.

Tukang'oa zulia la buti, nyuma ya gari. Dada akaingiza kichwa na nywele zake zilizosukwa kwa ajili ya harusi, akapiga kelele, "Hapa!" Mpira unaounganisha mdomo wa kujazia na tenki ulikuwa umepasuka pale unapojikunja. Nilicheka hadi mama akatoka jikoni na mwiko mkononi kuangalia kama nina akili timamu.

Nikafunga mpira mpya. Siku ya harusi nikajaza tena mpaka juu kwa dumu, mama akishuhudia. Alizunguka gari akilinusa kama anayekagua maziwa ya jana.

"Haya, baba. Mpeleke."

Kwenye kilima kile nilifunga vioo vyote, ili harufu kama ipo isipate pa kutokea. Jasho lilimtiririka dada ndani ya shela.

"Unasikia chochote?"

"Hapana."

"Na sasa?"

"Hii ni harusi yangu au majaribio yako? Fungua kioo!"

"Vumbi litaingia kwenye shela."

"Liingie!"

Nikafungua. Likaingia lote, jekundu, pamoja na vigelegele vya wanawake waliokuwa kando ya barabara. Dada akatoa mkono nje akawapungia, na mimi nikaacha kunusa, nikapiga honi.