Mkaratusi wa Kando ya Soko

Leo asubuhi hapa Ruiru wamekata mikaratusi kando ya barabara, na harufu yake ikaingia jikoni kwangu. Ndiyo harufu aliyokuwa akirudi nayo Baba tulipokaa Thika, akitoka kazini kukata miti ya mji.

Siku moja nilimpelekea chakula, nikamkuta kando ya soko, msumeno mkononi, mbele ya mkaratusi uliooza shina. Mama aliyeuza sukuma wiki kivulini hapo alikuwa amemshika mkono.

"Fundi, ukikata huu, jua litanimaliza mimi na mboga zangu. Niachie tu mpaka nipate pahali pengine."

"Mama, huu mti ni mgonjwa."

"Hata mimi ni mgonjwa, na bado nasimama."

Baba akacheka. Alipunguza matawi tu, tukaenda zetu.

Mvua iliuangusha ule mti mchana mmoja, ukamwangukia yule mama kabla hajahama. Baba ndiye aliyeitwa kukata shina ili atolewe. Alirudi nyumbani ananuka mkaratusi, akaoga, kisha akaoga tena. Chakula hakukigusa.

Kwenye mazishi, bibi mmoja mzee, mamake marehemu, ambaye wajukuu walimwita cucu, alimshika Baba mikono yote miwili. "Asante, mwanangu, kwa kunitolea msichana wangu chini ya ule mti."

Nilimtazama Baba. Aliinamisha kichwa juu ya mikono ya yule bibi.

"Pole, cucu," akasema.